Mai Kwanda

Januari iliyopita, kwenye bedsitter yangu huko Umoja, Nairobi, nilijitengenezea dawa ya uso. Nilikuwa nimetazama video moja usiku, unajua zile video. Glisarini kutoka kemisti, asali, na ute wa alovera niliochuna kwenye chungu cha jirani. Yule dada wa kwenye video alisema vitu hivi vyote vitatu huvuta maji, basi nikapiga hesabu ya kivivu: kama kimoja kinavuta, vitatu vitavuta mara tatu. Nikaweka vijiko vitatu vya glisarini, viwili vya asali, ute kidogo tu, nikakoroga, nikajipaka, nikalala.

Asubuhi uso ulikuwa unanata kama mtego wa nzi. Chini ya ule utandu ngozi ilikuwa imekaza. Nikanawa, nikaenda kazini, na kufikia saa kumi jioni mashavu yalikuwa yanabanduka. Jua la Januari Nairobi halina huruma, upepo wenyewe mkavu.

Jioni nikampigia bibi yangu, anakaa Langoni, Lamu. Nilimweleza kila kitu, mpaka idadi ya vijiko. Alicheka kwanza, kisha akauliza swali moja tu: "Mai yako wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeweka maji. Sikuwa hata nimelowesha uso.

"Mai kwanda, mafuta baadaye," akasema, kama anayemwambia mtoto kwamba mlango hufunguliwa kabla ya kuingia. Ndipo nikaanza kuuliza maswali, na maswali yakanitoa kwenye uso wangu yakanipeleka mbali sana: Pate, msitu wa Boni, Marseille, na mashamba ya bara ya Lamu ambayo watu wengi wa umri wangu hatujawahi kuambiwa yalilimwa na nani.

Tuanze na lile kosa langu. Vitu kama glisarini, asali na ute wa mshubiri (alovera ni jamii ya mshubiri, kabla hujaniambia) vina tabia moja: hushikana na maji. Molekuli ya glisarini ina mikono mitatu, kila mmoja wa oksijeni na hidrojeni, na maji hupenda kushikana na mikono ya aina hiyo. Sukari zilizomo ndani ya asali nazo zina mikono mingi. Tuviite vivuta maji. Lakini kivuta maji hakitengenezi maji, kinayahamisha. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, tuseme takriban asilimia 70 kwenda juu, kinaweza kuyachota hewani. Hewa ikiwa kavu, kinayachota pale yalipo karibu, yaani kwenye tabaka za ndani za ngozi yako mwenyewe, kisha kinayaacha yapotee na upepo. Ndiyo maana kitu kilekile kinachompendeza mtu wa Lamu, anayekaa baharini siku zote, kinaweza kumkausha mtu wa Nairobi aliye mita 1,700 hivi juu ya bahari, mwezi wa Januari.

Kwa hivyo kazi ni tatu, na kila moja ina wakati wake. Maji yenyewe. Kitu cha kuyashika. Kisha mafuta ya kuyafunika yasitoroke. Bibi alijua mpangilio huu bila kujua mikono ya oksijeni. Swali langu likawa: aliujulia wapi?

Jibu la haraka ni harusini. Pwani yetu ina neno kusinga, yaani kumsugua mtu mwili kwa manukato, na kutoka humo tunapata singo, ule mchanganyiko wa maua makavu na viungo vilivyosagwa anaopakwa bibi harusi. Kuna liwa pia, mti wa msandali ambao kipande chake husuguliwa juu ya jiwe la matumbawe liitwalo msio, kwa matone ya maji au marashi ya mawaridi, mpaka upatikane uji wa rangi ya krimu. Uji huo hupakwa usoni na mwilini, huachwa ukauke, kisha huoshwa au husuguliwa ukatoka.

Si sisi peke yetu. Ukishuka na bahari mpaka Visiwa vya Ngazija utawakuta wanawake na msindzano usoni, nao husagwa juu ya jiwe la matumbawe. Madagaska wanauita masonjoany. Kwenye Kisiwa cha Msumbiji ni mussiro, wa mti mwingine kabisa lakini kwa mkono uleule wa kusugua. Ukivuka mpaka Myanmar, thanaka. Ni kama bahari nzima ya Hindi ilikubaliana kwamba uso hutunzwa kwa mti, jiwe na maji.

Na tuna ushahidi wa maandishi. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa visiwa hivi hivi, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Wasomi wamebishana sana kuhusu utenzi ule: ni utii, au ni kejeli, au ni mama mgonjwa anayejua hana muda? Mimi nilipourudia baada ya simu ya bibi nilichokiona ni ratiba ya mwili. Kuoga, kujisinga, nywele, asmini, hina, wanja, marashi. Ni mambo madogo, lakini mama anayekaribia kufa aliona yanafaa kuwekwa ndani ya beti pamoja na imani na adabu. Usafi na ulaini wa ngozi haukuwa urembo wa pembeni. Ulikuwa sehemu ya kuitwa mtu muungwana.

Hapo ndipo historia inapoanza kuwasha, kama dawa yangu. Manake neno muungwana lina upande wa pili. Kama kuna muungwana, kuna asiyekuwa.

Fikiria kazi iliyomo. Kusugua liwa ya kutosha mwili mzima kwenye msio si kazi ya dakika tano. Maji yalitekwa kisimani na mtu fulani. Maua yalichumwa, yakakaushwa, yakatwangwa na mtu fulani. Katika nyumba za mawe za Mkomani, zile zenye vidaka vya chokaa ambazo watalii hupiga picha, kazi nyingi za namna hiyo katika karne ya 19 zilifanywa na wanawake waliomilikiwa. Nilipomuuliza bibi kama nyanya zake walikuwa wakipakwa singo, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Sisi tulikuwa wa kusaga." Hakuongeza neno.

Na nje ya nyumba kulikuwa na simsim.

Simsim, au ufuta, ndio mafuta ya kale ya pwani hii pamoja na nazi. Mwongozo mmoja wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus, unataja mafuta ya ufuta na "asali ya matete", yaani sukari ya miwa, vikiletwa kutoka India hadi bandari za upande wa Somalia, kaskazini yetu. Fikiria hilo: karibu miaka 2,000 iliyopita, jahazi moja lilikuwa linabeba kivuta maji na kifuniko chake pamoja, ingawa nina hakika waliokuwa wakinunua walifikiria tumbo kwanza.

Karne ya 19 simsim ikageuka kuwa zao la pesa. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua ufuta wa Afrika Mashariki kupeleka Marseille, mji uliokuwa na viwanda vya mafuta na sabuni. Bara ya Lamu, sehemu kama Mkonumbi na Hindi, ikafunguliwa mashamba. Wenye mashamba walikaa visiwani. Waliolima walikuwa watumwa. Waliotoroka, na walikuwa wengi, walikimbilia misituni na Witu, ambako Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, aliwapokea watoro na kujijengea nguvu kwa watu hao hao. Sheria ya kukomesha utumwa kwenye pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Mashamba mengi yalikwishaanza kurudi msitu, kwa sababu mfumo ulioyalisha ulikuwa mikono ya bure.

Sasa fuata ile simsim ilipofika Ulaya, kwa sababu hapa ndipo chupa yangu ya kemisti inapoingia.

Ukichemsha mafuta na magadi makali unapata sabuni. Lakini hupati sabuni tu. Mafuta yanavunjika, na takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wake hutoka kama kimiminika kizito, kisicho na rangi, kitamu. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikigundua mwaka 1779 akipasha moto mafuta ya zeituni. Baadaye Mfaransa Michel Chevreul akakiita glisarini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya tamu. Kwa muda mrefu viwanda vya sabuni vilikimwaga kama taka. Kisha watu wakagundua kwamba hulainisha ngozi. Kisha, mwaka 1867, Alfred Nobel akasajili baruti yake, dainamaiti, inayotokana na glisarini hiyo hiyo, na taka ikawa mali. Viwanda vikaanza kuichuja kutoka kwenye sabuni na kuiuza peke yake. Ndiyo sababu moja kipande cha sabuni ya kiwandani kinaweza kukukausha ngozi: kile kilicholainisha kimetolewa, kikauzwa kando.

Siwezi kukuonyesha chupa moja ya glisarini nikakuambia, hii imetoka kwenye ufuta wa Mkonumbi. Biashara haiachi alama namna hiyo. Lakini mduara wenyewe uko wazi. Mbegu iliyolimwa na watu wasiolipwa ilivuka bahari, ikavunjwa vipande viwili, sabuni na glisarini, na vipande hivyo vikarudi kwetu dukani, kila kimoja na bei yake. Kimoja kinakausha, kingine kinaponya ukavu. Sijui nicheke au vipi.

Turudi kwenye asali. Lamu mjini si mji wa mizinga. Asali ilitoka bara, na watu waliojulikana kwayo ni Waaweer, wanaoitwa pia Waboni, wa msitu wa Boni. Wawindaji na warinaji. Humpigia mluzi ndege wa asali, naye huwaongoza mti kwa mti mpaka kwenye nyuki. Baadhi ya watu hufikiri hiyo ni hadithi ya watoto, lakini ushirikiano huo kati ya binadamu na ndege yule umechunguzwa na wanasayansi sehemu kadhaa za Afrika na ni wa kweli. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, Waaweer wakapoteza nusu ya maisha yao kwa kalamu moja. Mwaka 2015 ikaja Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka Al-Shabaab, na msitu ukawa mahali pa hatari kuingia hata kwa mwenyewe. Kwa hivyo unapoambiwa "weka asali halisi ya Lamu", kumbuka kwamba kati yako na hiyo asali kuna watu waliofungiwa mlango wa nyumba yao.

Asali yenyewe ni ajabu. Ina sukari kama asilimia 80, na maji chini ya asilimia 20. Ukiiacha hivyo haiozi, kwa sababu imeshika maji yake kwa nguvu kiasi kwamba vijidudu havipati pa kunywa. Ukiiongezea maji, kinga inavunjika na inaanza kuchacha.

Hilo lilinifungua macho kuhusu jambo ambalo sikuwahi kuliona, ingawa nimelala kwenye chumba cha bibi miaka yote ya likizo. Kabati lake ni kavu. Liwa ni kipande cha mti. Singo ni unga. Hina ni unga. Mafuta ya nazi na ya simsim hayana maji ndani yake. Asali ina kinga yake. Marashi yametoneshwa kwa mvuke na hukaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Ukiacha marashi, hakuna kitu hata kimoja mle ambacho kina maji yaliyokaa tu. Maji huja mwisho, siku ile ile, kiganjani, na kinachobaki humwagwa.

Sisi watu wa mtungi na friji tunafanya kinyume. Tunachanganya kila kitu pamoja, maji na asali na ute wa mmea, tunatia kwenye mtungi mzuri, tunaandika lebo, tunaweka dirishani. Wiki moja baadaye ni shamba la kuvu. Viwanda huweka dawa za kuhifadhi, na watu wengi mitandaoni huziona kama sumu. Lakini chaguo ni mawili tu: ama uhifadhi, ama ufanye kama bibi, uchanganye cha leo kwa leo. Hakuna njia ya tatu inayoitwa "asilia".

Basi, kwa vile najua kuna mtu amesoma mpaka hapa akisubiri vipimo, hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Marashi ya mawaridi vijiko viwili vikubwa. Glisarini nusu kijiko cha chai, si zaidi, ambayo inakuwa chini ya asilimia 10 ya mchanganyiko. Asali robo kijiko cha chai. Nakoroga mpaka asali iyeyuke. Nanawa uso, siufuti ukakauka, napaka nikiwa bado nimelowa. Nasubiri dakika moja. Kisha matone matatu ya mafuta ya simsim au nazi juu yake, na wiki za Januari hata Arimis, ndiyo, ile ile ya kukamulia ng'ombe, kwa sababu kazi ya mafuta hapo ni kufunika tu. Kinachobaki naweka kwenye friji, siku mbili, kisha namwaga. Jaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Na kama asali au nyuki hukusumbua, achana nayo kabisa, glisarini peke yake inatosha. Hili ndilo nililokosea mwanzo: vivuta maji vitatu havizidishi, vinagawana maji yale yale. Ukiongeza vivuta bila kuongeza maji unachopata ni nata.

Mshubiri nimeuacha. Kwa bibi mshubiri ni kitu cha kupaka kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya. Uchungu wake ndio kazi yake, na anashangaa kwamba watu wa Nairobi wanaulipia.

Na liwa? Hapo nimesita. Msandali wa Afrika Mashariki, unaoota kwenye nchi kavu za Kenya, umekatwa na kung'olewa mpaka mizizi, ukisafirishwa kwa magendo kwenda kukamuliwa mafuta ya manukato. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Liwa ya zamani ya Lamu ilikuja kwa jahazi, lakini ukienda sokoni leo ukauliza kipande hiki kimetoka wapi, mara nyingi hupati jibu. Bibi ana kipande kimoja, kimekuwa kifupi kama kidole gumba. Anakitumia kwa harusi za wajukuu peke yake.

Nilienda kumwona mwezi wa Aprili. Jioni moja tulitembea pole pole, yeye na fimbo yake, mpaka tukaona Shela. Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga, vile vyeupe vya kwenye picha. Nilidhani ni vya kupendeza tu. Bibi akaniambia chini ya mchanga ule ndiko maji ya kunywa ya Lamu yaliko. Mvua ikinyesha, mchanga huyameza na kuyashika, maji baridi yakaelea juu ya maji ya chumvi. Visima vya mji hutegemea hapo. Ukijenga hoteli juu ya vilima, au ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda, na ikishapanda hairudi upesi. Wazee wamepigana miaka mingi kulinda mchanga ule usigawanywe viwanja.

"Hata mtanga," akasema, "wangia mai."

Usiku alinipa msio. Ni jiwe zito, katikati limechimbika kwa kusuguliwa. Nikamuuliza ni la nani kwanza. Akasema la mama wa bibi yake, ila halikuwa lake. Lilikuwa la nyumba aliyofanyia kazi kule Mkomani, na walipohama walimwachia kwa sababu lilikuwa zito kubeba. Vidole vilivyolichimba lile bonde katikati ni vya kwetu. Uso uliolainika ulikuwa wa mtu mwingine.

Nimelibeba mpaka Umoja, kwenye basi, nimelipakata. Sina liwa ya kusugua juu yake. Asubuhi namimina marashi kwenye lile bonde, naongeza glisarini na asali, nakoroga kwa kidole. Linaenea sawasawa kwa mtu mmoja.